Nitajieni Jumla, Si Malipo ya Mwezi

Nilipokwenda kununua gari jipya mwaka jana, nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu, nalo ni kubishania bei. Nilizunguka maduka ya magari ya Barabara ya Mombasa, Nairobi, kwa wiki mbili, muuzaji mmoja akanipunguzia kidogo, tukakubaliana, kisha nikapelekwa chumba cha ndani kwa afisa wa mikopo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?"

Nilimjibu kwa uaminifu, na tangu hapo kila alichoniwekea mezani kilitoshea ndani ya jibu langu. Ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mwaka wa kwanza, kifaa cha kufuatilia gari na bima ya maisha ya mkopaji, vyote viliingizwa kwenye deni; muda ukasogezwa kutoka miaka 3 hadi 4, na malipo ya mwezi yakabaki palepale. Hakunidanganya, kwa maana kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Lakini anayeulizwa uwezo wake wa mwezi huacha kuuliza deni lote litakapokwisha atakuwa ametoa shilingi ngapi, na hilo ndilo ninaloamini kila duka lingelazimika kumtajia kabla ya jingine lolote.

Riba ndiyo inayohitaji subira zaidi. Tuseme umekopa shilingi 2,000,000 kwa miaka 4, kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Riba hiyo ikihesabiwa kwa salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, utalipa karibu shilingi 53,660 kila mwezi, na riba yote itakuwa kama 575,000. Ikihesabiwa kwa mkopo wa awali tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujali ulichokwisha kulipa, utalipa 63,333 kwa mwezi na riba itafika 1,040,000. Asilimia inayotajwa ni ileile, ilhali tofauti inapita shilingi 460,000, na nina hakika wengi wetu tumewahi kutia sahihi bila kuuliza ni hesabu gani iliyotumika.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mkataba wangu ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili, nami nikafafanuliwa kwa Kiswahili cha harakaharaka huku nimekwisha kupewa kalamu. Niliomba kwenda nao nyumbani. Afisa alisita, akasema huenda bei ikabadilika, lakini nilishikilia, na nadhani duka linalomnyima mtu usiku mmoja wa kusoma halistahili fedha zake.

Nyumbani niliusoma pamoja na dada yangu, ambaye ni mhasibu. Tulikuta kwamba ningetozwa faini iwapo ningemaliza deni mapema, na kwamba hakuna mahali paliponilazimisha kukopa fedha za bima. Kilichotakiwa ni gari liwe na bima kamili, basi. Kesho yake nilirudi, nikalipia bima kutoka mfukoni, nikaomba muda urudi miaka 3 na ile faini ifutwe. Afisa alikubali yote kwa dakika chache, jambo lililonisikitisha, kwa sababu wasioomba hawapewi.

Logibuku ya gari, yaani hati ya umiliki wake, sasa ina majina mawili, langu na la benki, hadi deni liishe. Hata siku hiyo jina la benki halitajiondoa lenyewe: ni lazima benki iridhie, na usajili ubadilishwe kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nimekwisha kumwandikia afisa yule nikimwuliza nani ataanzisha hatua hiyo, itachukua siku ngapi na ada italipwa na nani, na nimemwomba anijibu kwa maandishi.