Dashibodi ya penseli: ionyeshwe sasa au isubiri data?

Mchoro wa kwanza wa dashibodi, yaani ukurasa wa skrini unaokusanya namba na chati za kazi mahali pamoja, ukikamilika, timu nyingi hugawanyika. Wapo wanaotaka watumiaji wauone kesho asubuhi, ungali na mistari ya penseli na visanduku vilivyopinda. Wapo wanaosema subirini, dashibodi ni data yake, na kumwonyesha mtu chati za kubuni ni kumpotezea muda na kujipotosha wenyewe. Kundi la pili husikilizwa zaidi kwa sababu lina sauti ya uangalifu. La kwanza huonekana lina papara tu, na hapo ndipo hoja yake inapoanza kueleweka vibaya.

Hoja ya kusubiri ina nguvu zake, na anayeipuuza hajawahi kuangalia dashibodi ikiunganishwa na hifadhidata kwa mara ya kwanza. Grafu ya mstari iliyochorwa kwa mkono huwa na mawimbi mazuri. Data halisi inaweza kukaa sifuri siku kumi na moja, kisha siku ya kumi na mbili ikaruka hadi 4,000, na grafu nzima ikawa mstari bapa wenye mwiba mmoja. Jedwali lililochorwa likiwa na mistari 5 huja na mistari 3,000. Jina la tawi lenye herufi 9 kwenye mchoro huja na herufi 41 na kuisukuma namba nje ya kadi, kile kisanduku kinachobeba namba moja.

Karatasi pia haisemi lolote kuhusu kasi. Mipaka ambayo Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, aliieneza mwaka 1993 bado inatumika: jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu huona jambo limetokea papo hapo, ndani ya sekunde 1 mawazo yake hayakatiki, na sekunde 10 ni ukomo wa kumshikilia kabla hajageukia kazi nyingine. Kichujio cha tarehe kinachochukua sekunde 8 kila kinapoguswa kinatosha kuwafukuza watu, na hakuna mchoro utakaokifichua.

Hoja ya tatu ya wanaosubiri ni ya imani. Mtumiaji akiona namba anayojua si kweli, huacha kuangalia dashibodi na kuanza kuibishia ile namba. Nusu saa inaisha, na daftari la anayeandika maoni limejaa ubishi wa mauzo ya mwezi uliopita.

Lakini itazame hoja hii ya imani kwa makini. Namba ya uongo hukera zaidi ikiwa kwenye skrini iliyokamilika, yenye rangi na vivuli, kwa sababu hapo inaonekana kama dai. Namba hiyohiyo kwenye karatasi yenye alama za kifutio inaonekana kama swali, na mtu huijibu: “Hapana, kwetu haifiki hapo.” Uzuri wa skrini huficha mambo mengine pia. Mwaka 1995 watafiti Kurosu na Kashimura huko Japani waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini za mashine za kutolea fedha. Waligundua kuwa jinsi mpangilio ulivyodhaniwa kuwa rahisi kutumia kuliambatana zaidi na uzuri wake kuliko na urahisi wenyewe. Maana yake, kadiri unavyosubiri na kung'arisha, ndivyo sifa unazopewa zinavyozidi kuwa sifa za rangi. Na hofu kwamba mchoro mbichi hautafichua makosa ya maana haina msingi mkubwa: mtafiti Virzi na wenzake walilinganisha vielelezo ghafi na vilivyokamilika mwaka 1996, na kwa kiasi kikubwa vilifichua matatizo yaleyale.

Chukua kadi moja tu. Juu imeandikwa “Oda zilizochelewa”. Chini yake kuna 37 kwa tarakimu kubwa, na pembeni kishale cha kijani kinachotazama juu, na 12%. Msimamizi wa ghala anaweka kidole juu ya 37, ananyamaza kidogo, kisha anauliza: “Zimechelewa kutoka kwetu au zimechelewa kumfikia mteja?” Kidole kinahamia kwenye 12%: kuliko jana, kuliko wiki iliyopita, au kuliko mwezi kama huu mwaka jana? Halafu kijani. Kijani kinasema mambo ni mazuri, ilhali oda zilizochelewa zimeongezeka. Hayo ni makosa matatu kwenye kadi yenye upana wa kiganja, na hakuna hata moja lililohitaji hifadhidata ili lionekane.

Kosa la kwanza kati ya hayo ndilo linalostahili kuogopwa. Kishale kubadilishwa rangi ni kazi ya dakika tano wakati wowote. Maana ya neno “kuchelewa” haibadiliki hivyo. Ikishajengwa, inakaa ndani ya swali linaloulizwa hifadhidata, ndani ya tahadhari zinazotumwa kwa barua pepe, ndani ya ripoti ya mwisho wa mwezi, na ndani ya vichwa vya viongozi walioizoea ile 37. Muda wa mzigo kumfikia mteja huenda hata haurekodiwi popote, kwa hiyo kuubadilisha ufafanuzi ni kuanzisha ukusanyaji mpya wa data. Anayesema tusubiri data kwanza anasahau kuwa mtu lazima aamue ni data ipi ikusanywe, na asipoulizwa mtumiaji, ataamua msanidi programu peke yake usiku akiwa na haraka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoro wa penseli unapima maana ya kila namba kabla haijamwagiwa zege, na faida hii haitajwi vya kutosha.

Sasa suala la watu wangapi, ambalo pande zote mbili hulitumia vibaya. Kila anayetetea kuonyesha mapema husema watumiaji 5 hufichua asilimia 85 ya matatizo. Chanzo chake ni fomula ya Nielsen na Landauer ya mwaka 1993. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja alifichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo. Kwa hiyo anayefuata anaacha asilimia 69 ya yaliyobaki, na kuendelea. Zidisha 0.69 kwa yenyewe mara tano unapata karibu 0.16, yaliyofichuliwa ni kama asilimia 84 au 85. Hesabu ni safi. Kinachosahaulika ni kwamba 31 ni wastani wa miradi ile, si sheria ya maumbile.

Watafiti Spool na Schroeder waliporipoti majaribio yao ya tovuti za kuuza bidhaa mwaka 2001, watumiaji watano wa kwanza walikuwa wamefichua asilimia 35 tu, kwa sababu kila mtu alikwenda na njia yake. Faulkner mwaka 2003 alikuwa na watumiaji 60, akawapanga kwa makundi ya watano watano bila mpangilio maalumu. Wastani ulikuwa ileile 85 au karibu, lakini kundi moja lilifichua karibu yote na jingine asilimia 55 pekee. Ukichukua watano, hujui umeangukia kundi lipi. Alipochukua kumi kumi, kundi lililofanya vibaya zaidi lilifika asilimia 80.

Dashibodi imekaa upande gani, wa miradi ile ya asilimia 31 au wa tovuti ambazo kila mtu huenda na njia yake? Mara nyingi upande mbaya. Meneja huisoma asubuhi kwa sekunde ishirini, msimamizi hukaa nayo mchana kutwa akichuja na kupanga, mhasibu huifungua mara moja kwa mwezi kupakua faili. Hao ni watumiaji wa aina tatu wenye njia tatu. Ukiwagawa watano wako kati yao, kila aina inapata mtu mmoja au wawili, na watu wawili kwa fomula ileile wanakupa asilimia 52. Ikiwa tatizo linamgusa mtu mmoja kati ya kumi, watano watalinasa kwa nafasi ya asilimia 41 tu. Kufika 85 unahitaji watu 18. Anayesubiri huzitumia namba hizi kusema kwamba mapema haina maana. Zinasema jambo jingine: chukua watatu wa kila aina, yaani tisa, na wagawe kwa raundi. Faida ya raundi ionekane kwa mfano: watu 15 mbele ya mchoro mmoja watafichua karibu kila kosa la mchoro ule, lakini hawatafichua hata moja la mchoro utakaoufuata, na marekebisho nayo huzaa makosa yake. Watu haohao 15 kwa raundi tatu za watano, mchoro ukirekebishwa katikati, huyanasa na hayo. Raundi tatu za karatasi zinawezekana ndani ya wiki mbili. Za mfumo uliojengwa, ni nadra zitokee hata mbili.

Hata hivyo kuonyesha mapema kuna namna ya kukuharibia, na lawama nyingi zinazoelekezwa kwenye mchoro zilistahili kwenda kwenye swali. Ukimuuliza mtu “Unaonaje?”, atakwambia ni nzuri, kisha ataomba chati tatu zaidi, kwa sababu umemweka kwenye kiti cha mshauri na mshauri hawezi kuondoka mikono mitupu. Hapo ndipo inapozaliwa ile orodha ndefu ya maombi ambayo wanaosubiri huitaja kama ushahidi wao. Mpe kazi badala yake: “Leo unaweza kupigia simu ghala moja tu. Ni lipi, na kwa nini?” Kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia, maana ukimya ule ndio unaoonyesha mahali macho yanapokwama. Na kama ni lazima kuuliza maoni, weka michoro mitatu tofauti mezani badala ya mmoja. Mtafiti Tohidi na wenzake walionyesha mwaka 2006 kuwa watu waliopewa michoro kadhaa walikosoa zaidi na kutoa alama za chini kuliko waliopewa mmoja. Mbele ya mchoro mmoja, adabu inashinda.

Kuna maswali yasiyofaa kumsumbulia mtumiaji kabisa. Chati ya duara au ya mihimili? Watafiti Cleveland na McGill walishalijibu mwaka 1984: jicho hulinganisha mahali kwenye kipimo kimoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe za vipande vya duara. Nyekundu na kijani peke yake kutofautisha hali? Katika jamii zenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu asilimia 8 ya wanaume wana shida ya kutofautisha rangi hizo, kwa hiyo ongeza neno au umbo na uendelee mbele. Muda wa mtumiaji ni wa mambo ambayo yeye peke yake anayajua.

Sharti ambalo watetezi wa mapema hulisahau, na ambalo wanaosubiri wana haki nalo kabisa, ni hili: mchoro uwe mbichi, namba zisiwe za kubuni. Kabla ya kuchora, chukua faili la mwezi uliopita kutoka mfumo uliopo, hata kama ni jedwali la Excel linalojazwa kwa mkono. Tafuta siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, siku iliyokuwa kimya, na jina refu kuliko yote. Ondoa majina ya wateja. Ziandike namba hizo kwenye karatasi za A4, skrini moja kwa karatasi, kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu kalamu nyembamba hukuvuta kwenye mapambo. Karatasi tano zinatosha kuanza: ukurasa mkuu, ukurasa baada ya kuchuja, undani wa ghala moja, ukurasa usio na data yoyote, na ukurasa ambao data imeshindwa kufika. Mtumiaji akigusa kichujio kwa kidole, mwendeshaji wa kikao anaweka karatasi inayofuata. Mtu wa pili anaandika tu: alichogusa, alichosema, alikonyamaza. Dakika 30 kwa kila mtu, na neno la kwanza liwe kwamba kinachopimwa ni mchoro, si yeye. Mtu akizitambua namba zake mwenyewe, huacha kutoa maoni na kuanza kufanya kazi, na ile siku ya mwiba wa 4,000 inaonekana ikiwa bado ni penseli.

Viongozi huomba alama mwishoni. Hojaji ya SUS ya John Brooke, ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, yenye maswali 10 na alama hadi 100, ni nzuri mahali pake, ila kwa watu watano na karatasi, mtu mmoja mwenye hasira anaitikisa yote. Wapelekeeni orodha ya makosa na picha za kadi husika.

Karatasi ikimaliza kazi yake utajua kwa maswali. Mwanzoni watu huuliza “Hii maana yake nini?” Baada ya raundi mbili au tatu wanaanza kuuliza “Hii imesomwa saa ngapi?” na “Nikibofya hapa, inachukua muda gani?” Hayo hayajibiki kwa penseli, na kuanzia hapo wanaosubiri data wana haki yote. Jenga toleo dogo linalosoma data halisi, liache litumike wiki mbili sambamba na faili la zamani, na angalia kipi kinafunguliwa kwanza asubuhi. Andika ni safu ipi bado wanainakili kwa mkono kwenye faili lile, na urudi nayo kwenye karatasi kabla ya kumwagiza mtu aongeze kadi.