Mto Ng'ombe si mtaro: acheni kunyoa kingo

Kila mwaka masika yakikaribia, vijiko, ile mitambo ya kuchimba, vinashushwa kwenye mito midogo ya Dar es Salaam kama Mto Ng'ombe, na kazi inaitwa "kusafisha mto". Kijiko kinakomba matope, kisha kinanyoa kingo zote mbili hadi ubaki mchanga mtupu. Kwa wiki chache mto unaonekana mpana. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, ule mchanga ulioachwa uchi unaporomoka na kurudi palepale ulipotolewa, na mwakani kijiko kinaitwa tena. Inauma, kwa sababu kinachong'olewa ndicho kilichokuwa kinaushika ukingo.

Matope yatolewe, hilo sibishi. Mtu wa Tandale au Jangwani hawezi kulala na maji chumbani kwa ajili ya ndege kama mdiria. Lakini kutoa matope ni kazi moja na kung'oa matete ni kazi nyingine.

Tena wanaosema matete yanaleta malaria wameligeuza jambo. Mbu wengi wa malaria mjini hutaga kwenye vidimbwi vidogo vyenye jua, vile hasa vinavyoachwa na minyororo ya kijiko. Anayekula viluwiluwi vya mbu ni mtoto wa kereng'ende, anayeishi majini hadi siku ya kupanda shina na kujivua gamba ili aruke. Pasipo na shina hana pa kupandia.

Basi ifanyike hivi. Kijiko kisimame upande mmoja tu wa mto, kikombe sakafu, na ukingo wa pili kisiuguse. Mwaka unaofuata zamu ibadilike. Upande uliochimbwa ulazwe: kila mita moja ya kimo, rudi nyuma mita mbili. Nafasi ikikosekana, na mara nyingi inakosekana (Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka mtoni, lakini sehemu nyingi za Tandale hata mita 6 huzipati), acheni ukingo wa udongo mgumu usimame wima. Mdiria hutoboa kiota humo.

Chini ya mteremko, kwenye usawa wa maji, lazeni makumbi ya nazi. Jiji la pwani halihitaji kuagiza kitu hapa. Makumbi yafungwe kwa kamba ya katani yawe mviringo wenye unene wa sentimita 30 na urefu wa mita mbili au tatu, nusu izame majini, vigingi vya mti vya mita moja vikitwe kila baada ya hatua. Kazi nyingi hufia kwenye ncha: ncha ya upande maji yanakotoka isipofukiwa ndani ya ukingo, maji hupita nyuma yake na kung'oa mstari mzima usiku mmoja. Na nyavu za nailoni zisitumike kabisa. Chura na kenge hunasa humo na kufa.

Matete yapandwe kati ya Juni na Agosti, maji yakiwa chini, ili yawe yameshika kabla ya vuli. Kipande cha mzizi chenye vifundo vitatu, kimelazwa kimshazari, kifundo kimoja kikiwa juu ya maji, umbali wa sentimita 40. Mche ukizama wote unaoza, maana tete hupeleka hewa mizizini kupitia shina lake. Kwa sababu hiyohiyo, anayepunguza matete akate sentimita 20 juu ya maji. Akikata chini ya maji, ameua shina zima. Kwenye mkondo mwembamba matete yakijaa pande zote kweli yanabana maji, kwa hiyo yapunguzwe nusu kila mwaka, Septemba, kabla mvua hazijaleta msimu wa viota. Yaliyobaki hulala mafuriko yakipita, kisha huinuka. Miti haifanyi hivyo, ndiyo maana mikuyu ikae juu kabisa ya ukingo, mbali na kuta za zege. Tawi nene kama mkono, urefu wa mita moja na nusu, lifukiwe sentimita 50 mvua zikianza, nalo litachipua. Matunda yake yatalisha popo na shore. Mlusina usipandwe hata ukipewa bure. Mbegu zake zitaujaza ukingo wote.

Baada ya kila mafuriko taka zitolewe kwa mkono ndani ya wiki moja. Mfuko ulionasa hukamata mwingine, na mzigo ukizidi maji hung'oa tete na makumbi pamoja. Taka pia ndizo chakula cha kunguru weusi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kunguru huyo hula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukitaka ndege kama kwera wazae mtoni, anza na jalala.

Kutapisha vyoo, yaani kufungulia majitaka yatoke mvua zikinyesha, nako kunaua samaki. Hilo ni la mabomba na magari ya majitaka, na linahitaji fedha.

Palipokwisha kumwagwa zege napo si mwisho. Maji ya kiangazi yakitandazwa juu ya sakafu pana ya saruji huwa kama utando na huchemka juani. Yapangeni mawe sakafuni, yashikwe kwa saruji, yakusanye maji katika mkondo mmoja mwembamba wenye kina. Singapore, nchi ya joto na mvua kubwa, ilivunja mfereji wa zege wa kilomita 2.7 wa mto Kallang na kuufanya mto unaopindapinda wa kilomita 3.2, uliofunguliwa mwaka 2012. Fisi maji walikuja wenyewe.

Hapa, kwa kuanzia, zabuni za usafi wa mito ziandikwe upande upi wa ukingo hautaguswa, na kijiko kisishuke kabla upande huo haujafungwa kamba.