Mtazamaji wa Apollo Anasingiziwa

Kila linapozuka suala la Marekani kuacha kwenda Mwezini baada ya safari zake za Apollo, lawama humwangukia mtazamaji. Julai 1969 watu wanaokadiriwa kuzidi milioni 600 walimwona Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, akishuka ngazi ya chombo chake. Baada ya hapo, tunaambiwa, wakachoka, na wanasiasa nao wakakata fedha.

Hoja hii si ya kupuuzwa. ABC, CBS na NBC, vituo vitatu vikubwa vya televisheni vya Marekani, viliishi kwa matangazo ya biashara, na kukatiza vipindi vinavyopendwa kulikuwa hasara. Wapo pia watazamaji walionung'unika.

Lakini tazama usiku wa Aprili 13, 1970. Mwanaanga Jim Lovell na wenzake wawili, wakiwa safarini kuelekea Mwezini, walirusha kipindi kutoka Apollo 13, wakiwatembeza watazamaji ndani ya chombo. Hakuna hata kituo kimoja kati ya vile vitatu kilichokionyesha, na wenyewe kule juu hawakujua. Mke wa Lovell ilibidi aende kwenye kituo cha kuongozea safari, Houston, ndipo amwone mumewe. Dakika chache baada ya kipindi kwisha, tangi la oksijeni likalipuka, na hapo vituo vyote vikarudi mbio. Kisa hiki ndicho hutolewa kama ushahidi kwamba watu walishachoka. Ushahidi gani? Hawakuzima televisheni, hawakuonyeshwa kitu. Waliokataa ni wapanga vipindi.

Miezi mitano kabla yake, kamera ya Apollo 12 ilielekezwa juani kwa bahati mbaya, ikaungua mapema, watu wakabaki na sauti tupu. Anayeondoka mbele ya skrini isiyo na picha naye ahesabiwe kuwa amechoka?

Kinachoniudhi zaidi ni tarehe. Bajeti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilifika kileleni mwaka 1966, ikichukua zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali kuu, kisha ikaanza kuporomoka. Mwaka 1966! Hakuna aliyekuwa amekanyaga Mwezi, wala hapakuwa na hadhira ya kuchoka. Vita vya Vietnam vilikuwa vinakula fedha. Safari ya Apollo 20 nayo ilifutwa Januari 1970, miezi mitatu kabla kipindi cha Lovell hakijatupwa kapuni. Uamuzi ulitangulia, kisha akatafutwa wa kubebeshwa.

Wengine husema Apollo 13 ilionyesha kwamba watu hufuata hatari tu. Basi waeleze Agosti 23, 2023, siku Chandrayaan-3 ya India ilipotua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Ni kweli jaribio la 2019 lilishindikana, kwa hiyo roho zilikuwa juu, ila ndani ya chombo hamkuwa na mtu. Kwa muda mrefu skrini ilionyesha michoro ya kompyuta tu, kasi na kimo vikipungua. Zaidi ya watu milioni 8 walitazama kwa wakati mmoja kwenye chaneli ya YouTube ya ISRO, shirika lililorusha chombo hicho, bila mpanga vipindi wa kuwaamulia.