Kikundi cha Watano Humwacha Nje wa Sita

Mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, yupo mama anayekaanga mihogo. Saa tisa alasiri anabandika karai, saa mbili usiku hana hata kipande. Anayesema maskini ni wavivu aje ampokee mwiko siku moja tu. Kinachomsumbua ni mtaji. Alikopa laki moja ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, anarejesha elfu tano kila siku kwa siku 26, na kabla hajaishika hiyo laki walishamkata hela ya fomu.

Nilimuuliza kwa nini asijaribu mkopo wa halmashauri. Akacheka. "Mwanangu, kikundi nitakitoa wapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Mikopo ya asilimia 10 wengi tunaijua: halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Imo kwenye sheria tangu 2018, na haina riba. Ukiisoma unasema kausha damu sasa basi. Ila mwanamke au kijana haendi kukopa peke yake. Lazima wawe kikundi, kuanzia watu watano, kimesajiliwa, kina katiba, kina akaunti benki na andiko la mradi.

Sasa kaa ufikiri kikundi huanzaje. Watu watano wanaochukua deni moja huchaguana. Huangaliana usoni: nani ana kibanda chake, nani mumewe ana kazi, nani hata biashara ikiyumba ana pa kukopa alipe. Mama wa mihogo ni mjane, amepanga chumba, mwaka jana kahama mara mbili, na mwanawe wa mwisho haishi kuugua. Majirani wanampenda, wanamsaidia hata unga. Lakini kuingia naye kwenye deni? Hapana, na siwalaumu. Mimi mwenyewe ningesita.

Halafu kuna vikao. Kikao cha saa nane mchana kwa aliyeajiriwa ni ruhusa ya kazini. Kwake ni karai lisilobandikwa. Andiko la mradi nalo linaandikwa na kijana wa steshenari, kwa malipo, na mwenye mradi halielewi.

Najua hoja ya upande wa pili: kikundi ndiyo dhamana ya asiye na dhamana. Nakubali, kwa vikoba imefanya kazi kubwa, kwa sababu kule watu wanaweka kwanza ndipo wanakopeshana. Hii ya halmashauri ni fedha ya umma, na kikundi kinaweza kuzaliwa ofisini kwa majina matano na muhuri. Mikopo hii ilisimamishwa 2023, baada ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali (CAG) kuibua fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, ikarudi 2024. Kwa hiyo sharti la kikundi halikumzuia mjanja. Lilimzuia mama wa mihogo.

Mtu mwenye ulemavu tayari anaruhusiwa kukopa peke yake. Mlango huohuo ufunguliwe kwa wenye biashara ndogo kabisa: laki moja, laki mbili, marejesho kwa simu, kidogo kidogo kila jioni. Rekodi ya mama wa mihogo ipo, maana humlipa kausha damu kila siku bila kuruka. Mjumbe wa shina anamjua. (Mjumbe naye ana shemeji zake, hilo nalijua, ndiyo maana jina lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, watu wapinge hadharani.) Zipo hela zitakazopotea. Zinapotea hata sasa, tena kwa mamilioni, kwa watu wasiowahi kukaanga chochote.

Jana jioni nilipita pale. Kijana wa marejesho alikuwa amesimama pembeni ya karai, daftari mkononi, anasubiri mihogo iive, iuzwe, apewe elfu tano yake.