Hoja ya mtoto haisimami kwa methali

Wape darasa la sita la Mbagala, Dar es Salaam, mada ya insha, "Je, wakazi wa Bonde la Msimbazi wahamishwe?", usishangae madaftari mengi yakirudi na jibu moja: wahamishwe kwa sababu mafuriko ni mabaya, na wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Lugha safi, mwandiko mzuri, alama nzuri. Ushahidi hamna.

Wapo wasioona tatizo hapo. Mtoto, wanasema, kwanza ajue tahajia na aya. Kumdai ushahidi angali mdogo ni kumzoesha ubishi. Walimu nao wana lao, na ni zito zaidi. Uwiano rasmi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 yako madarasa Dar es Salaam yanayopita idadi hiyo mbali. Nani atapima hoja mojamoja kwenye rundo hilo la madaftari?

La ubishi silikubali. Mbishi ni yule anayerudia dai lilelile kwa sauti ya juu zaidi. Aliyezoea kuulizwa "umejuaje?" huanza kupima maneno kabla hajayatoa, na hiyo ndiyo adabu tunayoitaka.

Ugumu wenyewe ni kuchagua ushahidi unaohusika. Mtoto mwerevu ataandika kwamba karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, bondeni, imejaa maji mara kadhaa mvua zilipozidi. Kweli kabisa, na kila mpita njia anajua. Lakini hilo linathibitisha tu kwamba bonde hufurika, jambo ambalo hakuna anayelipinga. Swali ni kuhama. Anayetaka kulijibu aende kwenye mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipopelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji: walipata viwanja mbali na maji, na mbali pia na Kariakoo, ambako mtu wa bondeni huenda kutafuta riziki kwa miguu. Ushahidi huo unakata pande zote mbili, na mtoto analazimika kuamua upande upi una uzito. Sioni kwa nini wa miaka 12 ashindwe. Nyumbani anawasikia wakubwa wakibishana mambo hayohayo kila masika.

Kinachonisumbua zaidi ni mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulihamia kwenye fomu za kusahihishwa na mashine, mtoto akawa anaweka kivuli kwenye herufi, hata kwenye Hisabati. Baadaye yakaongezwa maswali machache ya majibu mafupi. Lakini fikiria utungaji wa Kiswahili kwa mtindo ule: mtoto anapewa sentensi nne zilizovurugwa, azipange kwa A, B, C na D. Sentensi za nani? Za mtunga mtihani. Hoja ya mtunga mtihani, mpangilio wa mtunga mtihani. Mtoto anaweza kufaulu utungaji bila kutunga chochote, na mwalimu anayepimwa kwa ufaulu huo hatapoteza kipindi kumfundisha kitu kisichoulizwa. Simlaumu.

Hata hivyo, kipande kimoja cha kazi hii ya kufundisha kuchagua ushahidi hakihitaji kusahihisha daftari hata moja. Andika dai ubaoni, chini yake weka taarifa tatu za kweli, moja tu ikiwa inalihusu dai. Darasa linyooshe mikono, kisha waliochagua vibaya ndio waanze kujieleza.