Bukavu, mji ambamo kila mtu ana tifoidi

Wiki hii kundi letu la familia la WhatsApp limepokea picha nyingine ya karatasi ya labo. Mnazijua hizo karatasi: imekunjwa mara nne, muhuri wa bluu umefunika nusu ya jina, na chini yake kalamu imeandika GE ++, yaani malaria, halafu TO 1/160, TH 1/80, yaani tifoidi. Shemeji aliyeituma alikuwa na maneno machache: "Bandugu, mtoto ana malaria na tifoidi. Munganga anasema masindano siku tano na serumu. Tusaidiane." Homa yenyewe ilianza juzi jioni. Mama mkubwa akaandika maombi, yaya, ndugu yetu mkubwa, akatuma dola kumi, michango ikaanza kuingia, na hakuna aliyeuliza swali hata moja. Na mimi nilichanga. Huwezi kumnyima mtoto mchango kwa sababu unataka kushinda mabishano.

Lakini hapa sichangishi, basi nitasema.

Nani kati yenu, awe Kadutu, Bagira, Panzi au Nyawera, amewahi kupimwa Widal, hicho kipimo cha tifoidi chenye TO na TH, akaambiwa hana kitu? Kabla ya kuingia biashara nilifanya kazi labo, katika kituo cha afya cha kawaida kabisa, kwa hiyo sisimuliwi. Unaweka tone la maji ya damu ya mgonjwa kwenye kioo, unaongeza tone la dawa ya rangi, unatikisa kwa mkono dakika moja au mbili, halafu unainama kwenye mwanga kutafuta chembechembe. Umeme ukiwa umekatika, unatafuta kwa mwanga wa simu, na kwa mwanga wa simu mtu anaweza kuona chochote. Njia hiyo ni ya kuchuja tu. Kuthibitisha kiwango kunahitaji mirija inayolala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Karatasi inayotoka wakati mgonjwa bado yuko kwenye benchi haijalala popote.

Hata ingelala, bado kuna shida kubwa zaidi. Kipimo hiki alikitangaza Mfaransa Widal mwaka 1896, na tangu siku hiyo hakijawahi kumwona mdudu wa tifoidi. Kinaona kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha baada ya kupigana. Na kingamwili hizo huanza kuonekana baada ya kama wiki moja ya ugonjwa. Sasa mtoto ambaye homa yake ina siku mbili, Widal yake ikijibu ndiyo, inajibu kuhusu nini? Labda kuhusu tifoidi ya mwaka jana. Labda kuhusu salmonela nyingine, ndugu wa mdudu wa tifoidi, iliyopita tumboni kimya kimya. Labda ni malaria yenyewe, maana malaria nayo huweza kukidanganya kipimo hicho. Katika mji ambamo tunachota maji popote yanapopatikana, watu wengi wanaotembea barabarani bila homa yoyote wanazibeba kingamwili hizo kwenye damu. Nipimeni mimi leo, nina uhakika mtanitundikia chupa ya serumu.

Vitabu vinasema ukitaka kukitumia kipimo hiki kwa haki, chukua damu mara mbili, ukiacha siku saba hadi kumi na nne katikati, uone kama kiwango kimepanda mara nne. Sijawahi kumwona mgonjwa wa kituo cha mtaani aliyeitwa kurudi kwa damu ya pili. Siku ya kumi kashamaliza masindano, kashamaliza na pesa.

Magonjwa haya mawili yanatenganishwa kwanza kwa mdomo na kwa mikono. Homa imeanza lini? Imeanza ghafla, na baridi ya kutetemeka, halafu jasho? Waza malaria, na umpime mara moja, kwa sababu mtoto mdogo mwenye malaria kali anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Imeanza polepole, kila jioni inazidi ya jana, kichwa kinauma, tumbo zito, choo kimefunga au kimeanza kuharisha, na wiki inakwisha bila nafuu? Hapo neno tifoidi linaanza kuwa na maana. Kumuuliza mama maswali hayo hakumalizi dakika tano wala hakuhitaji umeme. Hata TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, inahitaji swali: zile zinazotumika sana huendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mtu kupona, basi usipomuuliza mgonjwa kama alitibiwa mwezi uliopita, utamtibu malaria iliyokwisha.

Na sasa nifike kwenye kinachonichoma.

Kuna mama mmoja anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kadutu, tunaheshimiana. Alianza kukonda. Kiu haikumwisha, usiku alikuwa anaamka kwenda msalani kila mara. Akaenda kituo: tifoidi. Akameza cipro, antibiotiki. Wiki chache baadaye akarudi na uchovu uleule: tifoidi imerudi. Masindano. Mara ya tatu alipelekwa akitapika, anahema kwa nguvu na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Walipima nini? Mnajua walichopima. Wakamwekea serumu ya glukozi, yaani sukari, chupa ya kwanza, kisha ya pili. Mgonjwa wa kisukari! Watoto wake ndio waliomtoa pale na kumkimbiza hospitali kwa pikipiki, na kwa jinsi sukari ilivyokuwa juu, kifaa cha kuipima cha huko kilishindwa hata kuandika namba. Yu hai, namshukuru Mungu. Anajidunga insulini, na kwa kuwa friji bila umeme ni kabati tu, anaitunza kwenye chungu chenye maji. Lakini zile safari zote tatu hakuna aliyemtoboa kidole. Tone moja la damu, sekunde chache, jibu. Mama huyu alilipia Widal tatu.

Hapo ndipo ubaya wa hii tifoidi ya kila mtu ulipo. Ingekuwa ni dawa ya bure tu tungemeza tukanyamaza. Lakini jibu likishaandikwa, hakuna anayeendelea kutafuta. Mtoto anayehema haraka hahesabiwi pumzi, na kuhesabu ni bure: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, fikiria nimonia. Mwanamke mwenye homa na maumivu ya kiuno hapimwi mkojo. Mfugaji aliyeshuka na maziwa yake, homa inakuja na kuondoka, viungo vyote vinauma, haulizwi kama anakunywa maziwa mabichi, na ugonjwa wa brusela unaendelea kumla. Kikohozi cha mwezi mzima na jasho la usiku? Tifoidi, bila shaka!

Halafu kuna ndugu zetu wenye "tifoidi sugu", wanayo tangu 2016, wanaijua kama jirani. Wapo kweli watu wanaobaki na mdudu huyo, hujificha kwenye nyongo, ila kwa kawaida wao hawaumwi. Wanaambukiza wengine tu. Wewe ambaye tumbo linakuunguza ukiwa na njaa, nenda ukachunguzwe vidonda vya tumbo.

Nakubali, kwa shingo upande, mambo mawili. Tifoidi si hadithi: Kinshasa mwishoni mwa 2004 watu walipasuliwa kwa sababu matumbo yalikuwa yametoboka, na aliyeona hilo mara moja hawezi kumlaumu munganga anayeogopa. Pia najua kuotesha damu ili mdudu mwenyewe aonekane, kipimo cha kuaminika kuliko Widal, kunataka chupa maalumu, joto lisilokatika na siku kadhaa za kusubiri, na hata hivyo humkosa mdudu kwa wagonjwa wengi. Haya. Lakini kukosa kipimo kizuri hakukifanyi kibaya kuwa kizuri. Na cipro hizi tunazomwaga kwa kila homa zinaendelea kuwafundisha wadudu kuzizoea, halafu siku ya tifoidi ya kweli tutabaki tunatazamana.

Msiniambie vituo vyetu haviwezi. Mpox ilipotoka Kamituga, mji wa machimbo, mwaka 2023 ikapanda hadi hapa, nilishuhudia wauguzi walewale wakijifunza kuitenga na tetekuwanga kwa macho: tezi zimevimba au hapana, vipele vya sehemu moja vina umri mmoja au vimechanganyika vipya na vikavu, viko kwenye viganja na nyayo? Sampuli zikaendelea kusafiri, lakini mgonjwa alikuwa ameshatengwa. Hakuna aliyesubiri karatasi ndipo afumbue macho.

Binamu yangu ni muuguzi, na hoja yake ndiyo pekee inayonipa taabu. Tulibishana Jumapili baada ya misa. "Yaya," akaniambia, "serikali hainilipi mshahara. Kituo kinaishi kwa wanachokitoa wagonjwa. Halafu mgonjwa mwenyewe, nikimwambia hana tifoidi, anavuka barabara anakwenda kwa jirani atakayemwandikia. Ukituondolea Widal, tutakula nini?"

Sina mshahara wa kumpa. Nilimwambia sukari nayo ina bei ya kupima, mkojo pia, na himoglobini pia. Wapime hivyo wanilipishe, nitalipa bila kelele. Akacheka, akasema vibanzi vya sukari viliwaishia tangu mwezi uliopita. Nikamuuliza dawa ya Widal je, ipo? Ipo, makatoni mawili.