Kambale hakunitupa majini, nilijitupa mwenyewe

Haya tulieni. Najua ile video ya mimi na kambale bwawani Hombolo mmeshaiona, tangu jana usiku simu yangu haijapumzika, hadi shemeji yangu aliyeko Kondoa kanitumia vikatuni vya kucheka kumi na moja, nimevihesabu. Sasa kabla jamaa yangu aliyeirekodi, anayewaambia watu kambale kanitupa majini, hajaongeza chumvi nyingine, maana yule akikusimulia manyunyu wewe unaanza kutafuta mtumbwi, acheni niseme mwenyewe. Kambale hakunitupa majini. Nilijitupa. Kuna tofauti kubwa hapo.

Mnakumbuka mwezi uliopita niliwatangazia humu kwamba naanza ufundi wa rili za kuvulia, ile mashine ndogo ya kwenye fimbo inayokunja mshipi. Mkacheka. Fundi wa rili Dodoma, bahari iko wapi. Basi nikakaza, nikaangalia video za YouTube mpaka bando likaisha mara mbili kwa wiki, nikafungua rili yangu mwenyewe ambayo ilikuwa mpya na haina tatizo lolote. Nilipomaliza kuifunga ndo ikawa na tatizo. Lakini sikukata tamaa, nikasema huo ndo uzoefu wenyewe.

Sasa hapa mtaani Nkuhungu tuna mzee mmoja kafanya kazi Mwanza miaka mingi, alivyostaafu akarudi na rili yake moja nzuri, ile yenye spuli, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa mbele, akaiweka juu ya kabati. Na vumbi la Dodoma mnalijua, likivuma kwenye kiangazi linaingia hadi kwenye chupa yenye kifuniko. Siku moja akaishusha akazungusha mkono wa rili, ikalia kama mtu anatafuna mchanga. Mimi nilikuwa nimekaa pale barazani nimekuja kusalimia tu. Nikasikia mdomo wangu unasema, mzee wangu, hiyo niachie mimi. Akaniangalia. Akasema unaijua kweli mwanangu? Nikasema shaka ondoa.

Video zote zinasema ukifungua rili panga vipande kwa mfuatano, cha kwanza kutoka kinakaa shimo la kwanza. Nikachukua trei ya mayai. Aisee ile trei ilipendeza, shimo hili beringi, hili gia kubwa, hili gia ndogo, hili zile pete za washa nyembamba kama karatasi ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Nikaosha gia kwa petroli na mswaki wa zamani, nikaziacha zikauke, nikaenda dukani Majengo kununua grisi.

Nyie mliooa mmeshajua kilichotokea. Mama watoto alikuwa anatuma mtoto mayai, na mayai bila trei huuziwi. Narudi nakuta rili nzima ya mzee iko kwenye bakuli la plastiki, imechanganywa vizuri kabisa kama kachumbari. Ananiambia, nimekuwekea vyuma vyako hapo visipotee.

Sikumlaumu. Yaani nilimlaumu lakini kimoyomoyo.

Basi nikaanza kufunga kwa kukumbuka. Na hapa ndo niungame dhambi yenyewe. Kwenye rili kuna beringi moja si kama nyingine, hii kazi yake ni kuzuia mkono usirudi nyuma. Ndani ina vijiti vidogo kama punje za mchele, ukizungusha mbele vinateleza, ukirudisha nyuma vinabana. Ili vibane vinatakiwa viwe karibu vikavu, kitone cha oili nyepesi tu. Mimi nikaijaza grisi ya beringi za pikipiki. Nikaijaza kwa mapenzi. Nikazungusha mkono, laini kama siagi, nikasema hii hata kiwandani haikutoka hivi.

Jumamosi tukaenda Hombolo kuijaribu, mimi na huyo jamaa, pikipiki moja, kama kilomita 40 hivi, tunapita mashamba ya zabibu mimi nimekumbatia fimbo kama bendera. Lile bwawa lilijengwa 1957, limeona wavuvi wa kila aina, lakini nadhani fundi hajawahi kutia mguu. Tukakuta madogo wanne hivi kando ya maji na vijiti vyao vya miti na mshipi wa nailoni, wana perege kama kumi kwenye ndoo. Tukawapa mbukwa, salamu ya Kigogo, wakaitikia huku wanaitazama rili. Mmoja akauliza, anko hiyo mashine ni shilingi ngapi? Nikamjibu kwa sauti ya chini kama tajiri, hii huwezi kuelewa dogo.

Nilistahili. Endeleeni kusoma.

Nikatupa. Nyungunyungu akaenda mbali kweli, madogo wakasema duuu. Jamaa yangu akatoa simu arekodi, nikamwambia rekodi tu. Hayo maneno mawili ndo yananiuma kuliko yote.

Dakika kama ishirini kimya. Halafu fimbo ikainama. Siyo kuinama kwa perege yule anayedonadona, hapana, iliinama taratibu kama mtu anayesujudu na haina mpango wa kuinuka. Nikainyanyua, nikazungusha mkono raundi ya kwanza, ya pili, nikasema huyo kaja. Raundi ya tatu mkono ukasita. Ukatulia. Nikausikia kwenye kiganja unafikiria. Halafu ukaanza kurudi nyuma, kwanza polepole, mimi nimeushika na yeye anauchukua, halafu ukanichomoka, na kilichofuata ni feni. Ile grisi ya mapenzi ilikuwa imelainisha vile vijiti havibani kitu. Mkono wa rili ukanipiga vidole, ta ta ta ta, nikavitoa, nikavirudisha (usiniulize kwa nini), ta ta ta tena.

Nikasema breki. Kaza breki. Breki ya rili ni kile kifundo cha mbele ya spuli, ukizungusha kulia inakaza, kushoto inalegea. Wiki nzima nimefanya hivyo mezani, kifundo kinanitazama mimi. Bwawani kifundo kinamtazama samaki. Kwa hiyo kulia kwangu mimi niliyesimama nyuma yake ni kushoto kwake. Hilo nimelielewa leo asubuhi nikiwa napiga mswaki. Jana nilikuwa nazungusha kwa nguvu zangu zote, kila nikizungusha samaki anaongeza spidi, nazidi kuzungusha, dogo mmoja anasema anko unafungua, mimi namwambia nyamaza, anko unafungua, nyamaza, na kifundo kikatoka mkononi mwangu. Nikakiona hewani kinametameta kwenye jua. Kikasema dumbwi.

Kifundo hicho hicho ndo kinachoshikilia spuli.

Spuli ikachomoka kwenye chuma chake kwa ustaarabu kabisa, kama mtu anayevua kofia msibani, ikaanguka chini, ikaanza kubingirika kwenye mteremko kuelekea majini huku inaacha mshipi nyuma. Sasa wewe ungefanya nini? Rili ya mzee wa watu. Nikaitupa fimbo nikaikimbilia spuli, nikaidaka kwa mikono miwili nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, nikainua juu kama kombe. Hapo kwenye video kuna mtu anapiga makofi, ni jamaa yangu huyo. Nikageuka kuangalia fimbo nimeiacha wapi.

Haikuwepo nilipoiacha. Ilikuwa inashuka kwa tumbo kama kenge, taratibu, rili inachota tope, ncha imeshaingia majini, inaondoka zake bila hata kuaga. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojitupa. Kwa hiari. Tumbo kwanza. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini, hilo jamaa yangu hajalisema kokote, anasema niliokolewa. Niliokolewa nini, nilikunywa kidogo tu.

Fimbo nikaipata. Yule dogo wa bei akaingia, akaushika mshipi, akauzungushia kijiti chake raundi tatu, akavuta akirudi kinyumenyume kama anavuta mbuzi, kambale akatoka. Alikuwa urefu wa kutoka vidoleni mpaka kiwiko. Mnaosema alikuwa kama kidole hamkuwepo.

Kambale akabaki na dogo. Mimi nikarudi mjini nyuma ya pikipiki nimelowa, upepo na vumbi vikanipaka vizuri, kufika Ihumwa nilikuwa tofali.

Kwa mzee nilikwenda jana jioni. Shikamoo, marahaba, nikamwekea mfuko mezani. Hakugomba, bora angegomba. Akafungua, akavitoa vile vijiti, akavipangusa kwa kitambaa chenye petroli, akadondoshea tone moja la oili ya cherehani, akarudishia. Robo saa. Mkono ukabana hata ukiusukuma kwa kisigino. Halafu akauliza, kifundo cha mbele kiko wapi mwanangu?

Nilikuwa nimewaahidi madogo wakikipata kwenye tope nawapa elfu mbili. Leo mchana yule wa bei kapiga kwa simu ya mama yake. Kakipata, hakina hata mkwaruzo. Ila sasa ni elfu tano, kwa sababu, nanukuu, hii huwezi kuelewa anko. Nimemwambia elfu tatu. Amekata simu.